Mume wangu ananawa mpaka jerikeni linaisha: ni ucha Mungu au ni ugonjwa?

Mama, pokea salamu zangu kutoka huku milimani, nje kidogo ya mji wa Mbale.

Mimi ni Mbukusu wa Bungoma. Miaka kumi na moja iliyopita nilivuka mpaka nikaolewa Uganda. Mume wangu ni wa Abayudaya, Wayahudi wa huku, wale ambao babu zao walimfuata Semei Kakungulu aliposhika Torati mwaka 1919. Kabla ya ndoa nilifundishwa, nikahojiwa, nikazama kwenye mikve, lile birika la utakaso, nikaingia katika dini yao. Sikulazimishwa na mtu na sijutii. Nakuandikia wewe kwa sababu nilisikia ni wa dini hii na pia ni mtu wa hospitali. Huku nimekosa wa kumwuliza atakayeelewa pande zote mbili.

Shida yangu ni maji.

Bomba liko bondeni. Kijana wangu wa kwanza, ana miaka 9, akitoka shule hupanda na jerikeni la lita 10, mimi napanda na la 20. Jioni kabla ya kula mkate, baba watoto huchukua kile kikombe cha mikono miwili, anamimina mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kama tunavyofanya sote. Halafu anasimama kimya. Anatazama vidole. Anasema tone limerudi kutoka mahali ambapo palikuwa hapajanawiwa. Au kwamba chini ya ukucha kulikuwa na udongo wa shamba, kwa hiyo maji hayakugusa ngozi. Anaanza upya. Juzi nilihesabu mara kumi na saba. Chapati zilipoa, mtoto mdogo akalala juu ya mkeka akingoja baba aseme baraka, na jerikeni langu la lita 20 likaisha. Vifundo vya vidole vimempasuka. Usiku anavipaka mafuta, halafu anaogopa kwamba mafuta yatazuia maji, anaamka kuyasugua kwa sabuni ya kufulia.

Tukienda kulala ni sala ya Shema. Mimi nasema "Sikia, Ee Israeli", namaliza, nalala. Yeye hafiki mwisho wa mstari. Anasema alipotamka neno la mwisho alikuwa akiwaza mbuzi, kwa hiyo halikuhesabika. Anarudia. Kisha ananiuliza, "Nimelisema sawa?" Namwambia sawa. Anauliza tena. Kuna usiku nimejibu "sawa" mpaka sikujua tena ninajibu nini.

Pasaka iliyopita ndiyo iliyonitisha. Tulisafisha nyumba, tukatafuta chachu kwa mshumaa, tukamaliza. Saa nane za usiku nikasikia kitu kinaburutwa. Nikatoka, nikamkuta ana gunia letu la mahindi, chakula chetu cha miezi miwili, analipeleka kwa jirani. Alisema siku za nyuma lilikuwa limeegemea mfuko wa unga wa ngano, na huenda panya alipasua, huenda unga uliingia. Nilimshika mkono. Alikuwa analia. Alisema, "Babu yangu alificha vitabu vyake wakati wa Amin. Alihatarisha kichwa chake ili dini hii inifikie. Mimi nitaiharibu kwa uzembe?"

Kahawa ya msimu uliopita nyingi ilianguka chini imeiva kupita kiasi, maana asubuhi anatoka kwenye sala jua limeshakuwa kali.

Kila mtu ana lake. Mzee mmoja wa ukoo ananiambia nijivunie, nimepata mume mwenye haki. Shemeji anasema karogwa. Mama yangu kule Bungoma anasema, "Dini hiyo imemchanganya kichwa, rudi nyumbani na watoto." Na sasa kijana wangu mkubwa ameanza naye kurudia kunawa.

Wiki iliyopita tulikuwa tumekaa mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amechoka, laiti Mungu angemchukua apumzike. Sikujua la kumjibu. Nilimwambia twende tukalale.

Ninachouliza ni hiki. Mume wangu ni mcha Mungu kupita sisi, au ni mgonjwa? Na nikimwambia aache, nitakuwa nimemvuta atoke kwa Mungu wake?

Mama wa Wawili, Mbale


JIBU

Mwanangu,

Naanzia mwisho wa barua yako. Mengine yote yanaweza kusubiri wiki moja, hilo la mwisho haliwezi. Mtu akisema laiti Mungu angenichukua, huulizwa. Leo usiku, watoto wakishalala, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Usiogope kwamba utampandia wazo ambalo hakuwa nalo. Katika kazi hii nimeliuliza swali hilo mara nyingi sana, na ninachokiona ni mtu kushusha pumzi, kwa kuwa hatimaye amepata wa kumwambia. Akisema ndiyo, au akinyamaza kwa namna ya kukutia hofu, usimwache peke yake hata kidogo. Mwite shemeji yako aje akae naye, mwende hospitali bila kungoja siku ya kliniki. Na dawa za kunyunyizia kahawa zitoe nyumbani leo hii, hata kama jibu lake ni hapana.

Yakitokea haya siku ya Shabati, pandeni bodaboda siku ya Shabati. Najua hilo ndilo litakalomgandisha mlangoni, kwa hiyo nakupa maneno ya kumwambia. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho na mijadala ya wahenga wetu, inasema anayefanya haraka kuokoa uhai siku ya Shabati ni wa kusifiwa, na kazi hiyo ifanywe na wakubwa wa Israeli wenyewe, wasitafute mtu wa nje wa kuwafanyia. Talmudi ya Yerusalemu inaongeza kwamba anayekaa kuuliza ruhusa wakati mtu yuko hatarini ni kama amwagaye damu. Yote yametoka katika mstari mmoja wa Mambo ya Walawi, kwamba amri ni za mwanadamu kuishi kwazo. Wahenga wetu wakamalizia: aishi kwazo, asife kwazo. Na maradhi ya akili yanayoweza kuua yamo katika hesabu hiyo sawa na damu inayovuja.

Sasa swali lako. Siwezi kumpima mtu kwa barua, hiyo ni kazi ya atakayekaa naye na kumsikiliza. Lakini uliyoniandikia nimeyaona kwa watu wengi, na yana jina hospitalini: ugonjwa wa fikra na matendo ya kujirudia. Fikra inaingia bila kuitwa, inaleta hofu kali, mtu anafanya tendo ili hofu ishuke, inashuka kidogo, kisha inarudi na kudai zaidi. Kwa wengine hushika usafi, kwa wengine kufuli za mlango. Kwa mume wako umeshika ibada.

Hata Kiswahili chetu kina ushahidi. Tunasema "wasiwasi" kwa kila aina ya mashaka, lakini neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono, ile sauti ya chini inayokuambia hukufanya vizuri. Waislamu hulitumia kwa mtu wa aina hii hasa: anatawadha, anatilia shaka, anatawadha tena, mpaka wakati wa sala unampita. Waulize jirani zenu Waislamu hapo Mbale, watamtambua kabla hujamaliza kueleza. Wakatoliki wanaye pia, yule anayetoka kitubioni na kugeukia mlangoni kwa sababu huenda dhambi moja hakuieleza sawasawa. Kwa hiyo mama yako mzazi, kwa upendo wake wote, hapo amekosea. Dini haikumchanganya. Ugonjwa huu hupanda juu ya kitu ambacho mtu anakipenda kuliko vyote na kuogopa kukipoteza. Ukimtoa mume wako kwenye dini leo, kesho utamkuta anahesabu vitasa vya milango.

Mzee wa ukoo naye amekosea, na kosa lake linaumiza zaidi kwa sababu linaonekana kama sifa. Mcha Mungu anajulikana kwa kushika sheria, basi tuitazame sheria yenyewe.

Mishna, ule mkusanyo wa sheria ambao Talmudi imejengwa juu yake, katika kitabu chake cha Mikono inaanza kwa kipimo. Maji ya kunawa ni robo ya logi, yaani ujazo wa yai moja na nusu, na inasema hapohapo kwamba hayo yanatosha mtu mmoja, hata wawili. Wanaopima kwa vipimo vya leo, wenye hesabu ndogo huiweka robo hiyo kuwa mililita 86, wenye hesabu kubwa mililita 150. Chukua kikombe chako cha chai: hata hesabu kubwa haikijazi. Jerikeni lako la lita 20, kwa hesabu hiyo kubwa, lingewanawisha watu zaidi ya 130. Kisha sura ya pili ya kitabu hichohicho inasema shaka inayohusu mikono huhesabiwa kuwa ni safi. Isome sentensi hiyo pole pole, mwanangu. Walijua kwamba mtu atasimama na kikombe mkononi akijiuliza. Walimjibu kabla hajauliza: ukitilia shaka, umenawa.

Ninajua mume wako atakutajia Rabi Akiva. Alipofungwa na Warumi, mwenziwe alimletea maji kila siku, na siku moja askari wa gereza akayamwaga nusu. Akiva akaomba hayo yaliyobaki anawe kwanza, akakataa kuonja chakula kabla ya kunawa ingawa maji ya kunywa hayakutosha. Ni habari ya kweli katika Talmudi na watu wenye wasiwasi huipenda sana. Lakini iangalie vizuri. Akiva alinawa mara moja. Alinawa kwa nusu ya maji, akiwa gerezani, akala. Hakusema tone limerudi. Hakuomba kikombe cha pili.

Kuhusu Shema ni wazi zaidi bado. Talmudi inamkemea anayesema "Shema, Shema", na Rabi Yosef Karo, alipoandika mkusanyo wa sheria katika karne ya 16, aliandika kwamba ni marufuku kulitamka mara mbili. Na baraka, mtu akishikwa na shaka kama ameisema au hakuisema, kanuni ni kwamba harudii, maana jina la Mungu halitajwi bure. Unaona wasiwasi unamfanyia nini? Unamvalia kanzu ya dini na kumwamuru afanye jambo ambalo dini imelikataza.

Na gunia la mahindi. Hapa nilisimama kidogo, kwa sababu nilikuona umemshika mkono saa nane za usiku. Mahindi hayamo katika zile nafaka tano zinazofanya chachu ya Pasaka. Lakini tuseme unga wa ngano ulikuwepo karibu, tuseme panya yupo. Mishna ya Pasaka, sura ya kwanza, inasema hatuogopi kwamba kicheche amekokota chachu kutoka nyumba hii kwenda ile, kutoka chumba hiki kwenda kile. Kwa nini? Kwa sababu tukianza kuogopa hilo, tutaogopa kutoka ua hadi ua, na kutoka mji hadi mji, na jambo halitakuwa na mwisho. "Halina mwisho" ni maneno ya Mishna, siyo yangu. Karibu miaka elfu mbili iliyopita walishamwona mumeo na gunia lake. Ndiyo maana baada ya kutafuta kwa mshumaa mnatamka lile tangazo, kwamba chachu yote ambayo hamkuiona ibatilike, iwe kama mavumbi ya nchi. Tangazo hilo lipo kwa sababu kila mtu anajua kuna punje itabaki chini ya kitanda. Sheria imekubali kwamba punje itabaki. Torati, wanasema wahenga, haikupewa malaika watumishi.

Kwa hiyo ukimwambia asirudie, hutakuwa umemvuta atoke kwa Mungu. Utakuwa umesimama upande wa sheria, na yeye amesimama upande wa ugonjwa akidhani ndipo Mungu alipo.

Nataka kusema kitu kuhusu maneno yake usiku ule, ya babu na vitabu. Nyinyi mmebeba mzigo ambao Wayahudi wa mahali pengine hawaubebi kwa namna hiyo. Amin alipopiga marufuku dini yenu, wengi waliiacha kwa hofu, na waliobaki walikuwa mamia machache, wakisali kwa kujificha. Kisha, hata baada ya uhuru wa kuabudu kurudi, watu kutoka mbali wamekuja kuwauliza kama kweli ni Wayahudi. Mwaka 2002 mamia walizama kwenye mikve mbele ya marabi ili swali hilo lijibiwe, na bado wapo wanaoliuliza hadi leo. Mtoto aliyekulia humo hujifunza kwamba anatazamwa. Sisemi hilo ndilo lililomwuguza, maana ugonjwa huu unawapata watu wasio na historia yoyote ya namna hiyo. Nasema wasiwasi ulipoingia ulikuta kiti kimeshawekwa. Mwambie, siku ametulia, kwamba babu yake alificha vitabu ili wajukuu wake wavisome wakiwa hai, mezani, chapati zikiwa moto.

Sasa la kufanya.

Tafuta rabi wenu au mwalimu anayemheshimu, nenda naye kwanza wewe peke yako, mweleze kama ulivyonieleza mimi, na takwimu zako za mara kumi na saba. Mwombe atoe uamuzi kwa maandishi, mfupi: unanawa mara moja, unasema mara moja, hurudii, hata ukihisi hukufanya sawa, na huruhusiwi kuuliza tena jambo hilohilo. Huu si ubunifu wangu. Rabi Yaakov Yisrael Kanievsky wa Bnei Brak, aliyefariki mwaka 1985 na ambaye wengi humwita Steipler, alikuwa mtu mkali mno katika sheria, wala hakuna aliyeweza kumwita mlegevu. Na yeye ndiye aliyewaandikia barua watu waliosumbuliwa hivi, akiwaelekeza wasirudie maneno ya sala. Mumeo anahitaji kusikia hilo kutoka kwa mtu wa dini. Likitoka kwangu, muuguzi, atasema wa hospitali hawajui uzito wa amri.

Wakati huohuo mpelekeni hospitali ya rufaa ya Mbale, waombeni watu wa afya ya akili. Mwende na daftari: ameanza lini, mara ngapi kwa siku, anapoteza saa ngapi, na yale maneno ya mlangoni. Kuna tiba ya mazungumzo na mazoezi ambayo imefanyiwa kazi miaka mingi kwa ugonjwa huu. Mtaalamu humzoeza mgonjwa kukaa na shaka bila kuitii, hatua kwa hatua. Atanawa mara moja, ataketi mezani huku moyo unamwenda mbio, atakula. Hofu itapanda, na isipolishwa itashuka yenyewe. Mara ya kwanza inaweza kumchukua saa nzima ya jasho. Mara ya ishirini haiko hivyo. Zipo na dawa, kama fluoxetine na jamaa zake. Hizo hazifanyi kazi kwa siku tatu, na kwa ugonjwa huu huenda zikahitaji wiki nyingi, hata miezi mitatu, na daktari anaweza kupandisha kipimo. Wengi huziacha wiki ya pili wakidhani zimeshindwa. Msiziache bila kumwambia daktari, na katika wiki hizo za mwanzo mwangalie kwa karibu zaidi.

Akikuambia kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani, mkumbushe Kutoka 21, pale aliyemjeruhi mwenzake anapoamriwa amwuguze hadi apone. Talmudi ilichukua humo ruhusa ya daktari kutibu. Na mkumbushe Rabi Musa bin Maimon, Maimonides, aliyekuwa daktari huko Misri hadi kifo chake mwaka 1204. Aliandika kwamba wagonjwa wa nafsi waende kwa wenye hekima, nao ndio matabibu wa nafsi. Hakuwa anawasema wengine tu. Mdogo wake, Daudi, alikuwa mfanyabiashara wa vito, akazama katika Bahari ya Hindi, bahari hii yetu, na kuacha mjane na binti mdogo. Musa alilala kitandani karibu mwaka mzima kwa homa na kukata tamaa, na miaka minane baadaye aliandika kwamba bado hajafarijika. Huyo ndiye mwalimu ambaye vitabu vyake vya sheria mumeo anavisoma. Hakuna aliyewahi kusema imani yake ilikuwa ndogo.

Linalobaki ni la kwako, na ni gumu. Kila ukisema "sawa" usiku, unamlisha wasiwasi kijiko kimoja. Nakuambia bila kukulaumu, kila mke anayempenda mumewe angejibu hivyo. Lakini usiache ghafla usiku mmoja, ataona umemtupa. Kaeni mchana, akiwa ametulia, mkubaliane pamoja na huyo mtaalamu jinsi ya kupunguza. Kisha usiku akiuliza, mwambie, "Nakupenda, na swali hilo tulikubaliana nisilijibu." Mshike mkono kama ulivyomshika kwenye gunia, mkae kimya. Rabi Ami na Rabi Asi walibishana juu ya uzito ulio moyoni mwa mtu: mmoja alisema auondoe katika mawazo yake, mwingine alisema awasimulie wengine. Akitaka kukusimulia jinsi anavyoteseka, msikilize hata mpaka asubuhi. Hilo ni tofauti na kukuuliza mara ya arobaini kama neno lilitoka vizuri.

Kuna kisa ninachokirudia kila mara na wagonjwa wangu, wa dini zote. Rabi Hiya bar Aba aliugua, Rabi Yohanan akaenda kumwona. Akamwuliza, "Mateso haya unayapenda?" Akajibu, "Siyapendi, wala siyataki malipo yake." Akamwambia, "Nipe mkono wako." Akampa, akamwinua. Baadaye Yohanan mwenyewe akaugua, na Rabi Hanina akaja akamwuliza vilevile, akampa mkono, akamwinua. Talmudi inauliza: aliyeweza kumwinua mwenzake, mbona hakujiinua? Inajibu kwamba mfungwa hajitoi mwenyewe gerezani. Mumeo amekuwa akijaribu kujitoa kwa kurudia sala. Amekuambia amechoka, na kwa mtu wa aina yake huko ni kunyoosha mkono.

Kuhusu kijana wako mkubwa, usimkemee wala usimfanyie kikao. Mtaje kwa mtaalamu siku mtakapokwenda, maana watoto huiga, na pia ugonjwa huu huweza kutembea katika familia. Kesho jioni chota maji kikombe kimoja cha chai, umwonyeshe kwamba hicho ndicho kipimo chote cha Mishna na kinazidi. Anawe kulia, anawe kushoto, asikie mama akisema "yametosha", na umpe chapati mkononi mara baada ya baraka, kabla hajapata nafasi ya kutazama vidole.